Ukae naye, ukague tu, utafute mwalimu, au umpe simu? Njia nne za kumsaidia mtoto wa shule ya msingi nyumbani

Saa moja na nusu usiku. Daftari la hesabu liko wazi mezani na mtoto ameandika: 52 − 27 = 35. Mzazi aliyetoka kazini huliona kosa hilo kabla hata hajaketi. Anachukua penseli, anafuta, anaandika 25, kisha anasema, "Umeona? Ulitakiwa kukopa." Mtoto anatikisa kichwa kukubali. Hesabu inayofuata ni 61 − 34. Anaandika 33.

Mzazi huyo ni mimi. Muhula mzima daftari la mwanangu wa kwanza lilijaa vema, na mtihani ulipokuja akarudi na alama zilizonifanya nidhani karatasi imebadilishwa na ya mwingine. Haikubadilishwa. Vema zile zilikuwa zangu.

Tangu hapo, kwa watoto watatu, nimepita njia zote ambazo wazazi hushauriana: kukaa na mtoto kila jioni, kumwacha afanye peke yake kisha nikague, kulipa mwalimu wa tuisheni, na kumpa simu yenye programu za masomo. Hakuna hata moja iliyo mbaya yenyewe, na hakuna inayofaa watoto wote. Ninapozilinganisha huwa nauliza swali moja kwa kila njia: hapa nani anafikiri, mtoto au mtu mwingine?

Kwanza ujue anakwama wapi

Mtu akikwambia "mwanangu hajui hesabu", muulize hesabu ipi. Mtoto aliyeandika 35 anajua kutoa. Alichofanya ni kugeuza: ameona 2 haiwezi kutoa 7, akatoa 2 kwenye 7, maana siku zote amezoea kutoa dogo kwenye kubwa. Mwingine anapata majibu yote lakini kwa vidole, na akifika hesabu ya sita amechoka. Wa tatu namba anaziweza ila hesabu za maneno zinamshinda. Akiona namba mbili kwenye sentensi anazijumlisha tu, liwe liwalo. Wa nne anajua kila kitu ila hajaanza, yuko bado anachonga penseli.

Hao wanne wana ripoti zinazofanana, lakini msaada wanaouhitaji haufanani. Kwa hiyo kabla ya kutafuta mwalimu au kupakua programu, kaa pembeni dakika kumi ufunge mdomo. Kufunga mdomo ndiyo kazi ngumu. Tazama anaanzia wapi, anafuta wapi, anatazama dari saa ngapi. Kwa kusoma, mpe aya moja asiyowahi kuiona, aisome kwa sauti, kisha funga kitabu umwambie akusimulie. Ndani ya dakika hizo utajua mengi kuliko yaliyomo kwenye ripoti ya muhula.

Njia ya kwanza: kukaa naye

Hii ndiyo njia yenye nguvu kuliko zote kwa watoto wa madarasa ya chini, na ndiyo rahisi kuliko zote kuharibu.

Mwanasaikolojia wa Urusi, Lev Vygotsky, aliyefariki mwaka 1934, alieleza kwamba kati ya yale mtoto anayoweza peke yake na yale asiyoyaweza kabisa kuna eneo la katikati: yale anayoyaweza akiwa na mtu anayejua zaidi. Kujifunza hutokea hapo. Mwaka 1976 David Wood, Jerome Bruner na Gail Ross waliufananisha msaada wa aina hiyo na jukwaa la mafundi. Fundi husimama juu ya jukwaa wakati ukuta unapanda, na ukuta ukishasimama jukwaa linabomolewa. Sisi wazazi hupenda kusahau sehemu ya kubomoa.

Turudi kwenye 52 − 27. Jioni nilipoamua kutogusa penseli, mambo yalikwenda hivi:

"Nisomee hiyo."

"Hamsini na mbili toa ishirini na saba."

"Kwenye hamsini na mbili toa ishirini kwanza. Unabaki na ngapi?"

"Thelathini na mbili."

"Bado hujatoa saba."

Akanyamaza. Akaitazama 35 yake. "Lakini thelathini na tano ni kubwa kuliko thelathini na mbili," akasema, kama mtu aliyemkamata mwenzake akidanganya.

Akafuta mwenyewe. Ilichukua dakika nne hivi, ilhali kumfutia kungechukua sekunde kumi, na hapo ndipo wazazi wengi tunashindwa, kwa sababu sekunde kumi ndizo tulizo nazo. Kesho yake tulichukua vijiti, tukafunga mafungu matano ya kumi kumi na kuacha viwili pembeni. Nikamwambia anipe saba. Alitazama viwili vyake, akatazama mafungu, akafungua moja. Neno "kukopa" alikuwa amelisikia darasani muhula mzima, lakini siku hiyo ndipo aliliona.

Ubaya wa kukaa naye uko wa aina mbili. Wa kwanza nimeshausimulia: mzazi anageuka mwanafunzi na mtoto anageuka mtazamaji. Wa pili ni woga wa mzazi mwenyewe. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2015, kwa watoto wa darasa la kwanza na la pili, ulionyesha kwamba wazazi wanaoogopa hesabu, wakiwa wanasaidia mara kwa mara kazi za nyumbani, watoto wao walijifunza hesabu kidogo zaidi mwaka huo na wakaanza kuiogopa wao pia. Wazazi waoga vilevile ambao hawakusaidia sana, watoto wao hawakupata athari hiyo. Kwa hiyo ukijijua kwamba ukiona sehemu na desimali unatokwa jasho, na kwamba ndani ya dakika tano utasema "hata mimi hesabu zilinishinda", njia hii kwa somo hilo si yako. Kaa naye kwenye kusoma. Hesabu mpe mjomba, shangazi, dada yake mkubwa, au pitia njia zinazofuata.

Kitu kingine kidogo: njia ya kutoa mliyofundishwa nyinyi huenda si ile anayofundishwa yeye. Mwambie yeye akuonyeshe ya mwalimu wake kabla hujamwonyesha yako. Mtoto anayefundishwa njia mbili zinazopingana ndani ya siku moja huziacha zote.

Njia ya pili: afanye mwenyewe, wewe ukague

Hii ndiyo ninayoipenda, nakiri, na nadhani familia nyingi zingeanza nayo kuanzia darasa la tatu au la nne kama si wasiwasi. Mtoto ana mahali pake, ana saa yake, anafanya kazi peke yake, wewe uko jikoni au unakunja nguo, kisha anakuletea daftari.

Tatizo liko kwenye kukagua. Wengi wetu tunakagua kama tulivyokaguliwa: kalamu nyekundu, mkasi hapa, vema pale, "rudia hii." Ukishaweka mkasi kwenye hesabu ya tatu umemfanyia kazi ya kugundua kosa, na kugundua kosa ndiyo nusu ya ujuzi wenyewe. Mimi husema, "Kuanzia ya kwanza hadi ya tano kuna makosa mawili. Yatafute." Mara nyingi huyapata. Wakati mwingine hurudi akiwa amepata matatu, na la tatu mimi sikuliona.

Njia nyingine ya kukagua haihitaji hata ujue somo. Funga daftari, mwambie, "Haya, leo mmejifunza nini kwenye sayansi?" Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walichapisha mwaka 2006 jaribio walilofanya kwa wanafunzi wa chuo. Waliosoma habari mara ya pili walikumbuka zaidi dakika tano baadaye. Lakini baada ya juma moja, waliokuwa wamefunga habari na kujipima kwa kuandika wanachokumbuka ndio waliokuwa mbele, tena kwa mbali. Mtoto anayesoma daftari la sayansi mara tatu usiku wa kuamkia mtihani anahisi anajua, kwa sababu maneno anayatambua. Kutambua ni kitu kimoja, kusema bila kutazama ni kingine. Mzazi asiyejua kusoma vizuri anaweza kukagua hivi kabisa: akae, asikilize, na aulize "kwa nini?" pale mtoto anaporukaruka.

Na ni kazi kiasi gani? Harris Cooper wa Chuo Kikuu cha Duke na wenzake walipitia tafiti nyingi za Marekani mwaka 2006 wakaona kwamba uhusiano kati ya kazi za nyumbani na ufaulu ni mkubwa kwa wanafunzi wa sekondari kuliko wa shule ya msingi. Kipimo kinachotumiwa sana ni dakika kumi kwa kila darasa: darasa la kwanza dakika 10, la nne dakika 40. Kama wako wa darasa la tatu anatumia saa mbili kila jioni, usimwongezee saa ya tatu. Andika pembeni ya daftari, "Tumeishia hapa baada ya dakika 30," tia sahihi, umwachie mwalimu. Mwalimu mwema atashukuru, kwa sababu daftari lililokamilika kwa machozi halimwambii kwamba darasa halikuelewa.

Njia hii haimfai mtoto ambaye bado hajui kusoma maelekezo. Kumwacha huyo peke yake ni kumtelekeza, na atajifunza jambo moja tu: kunakili kwa jirani asubuhi.

Njia ya tatu: mwalimu wa tuisheni

Benjamin Bloom aliandika mwaka 1984 kuhusu wanafunzi waliofundishwa mmoja mmoja na mwalimu, kwa utaratibu wa kutovuka hatua mpaka umeiweza. Mwanafunzi wa kawaida kati yao alifanya vizuri kuliko takribani asilimia 98 ya wenzao wa darasa la kawaida. Tafiti za baadaye hazikupata tofauti kubwa hivyo, lakini faida ya kufundishwa mtu kwa mtu imeonekana tena na tena. Kwa hiyo wanaosema tuisheni ni upotevu wa pesa hawako sahihi.

Ila soma vizuri: mmoja mmoja. Tuisheni ya watoto ishirini na watano kwenye chumba kimoja ni darasa la pili. Mtoto aliyejificha nyuma asubuhi atajificha nyuma jioni, na sasa amechoka zaidi. Nilishalipa ya namna hiyo. Baada ya miezi miwili nilimuuliza mwalimu, "Mwanangu anakwama wapi hasa?" Akaniambia mtoto ana bidii ila aongeze juhudi. Hakumjua, masikini, na sikumlaumu. Angemjua vipi?

Kwa hiyo nikiulizwa namna ya kuchagua mwalimu, swali langu ni hilo hilo, liulizwe baada ya wiki tatu. Mwalimu anayemfundisha mtoto wako kweli atajibu kwa mfano: anasahau kubeba akizidisha tarakimu mbili, au anasoma vizuri ila maswali ya "kwa nini" anayaruka. Pia tazama daftari la tuisheni. Ukiona mwandiko wa mwalimu ni mwingi kuliko wa mtoto, umelipa mtu afikiri kwa niaba yake, kosa lile lile nililokuwa nikilifanya mimi bure.

Kuna gharama nyingine isiyoandikwa kwenye risiti, nayo ni usingizi. Watoto wa miaka 6 hadi 12 wanahitaji kulala saa 9 hadi 12 kwa siku. Ndivyo walivyopendekeza wataalamu wa usingizi wa Marekani mwaka 2016. Mtoto anayetoka tuisheni saa mbili usiku, akaoga, akala, akamalizia kazi ya shule, kisha akaamshwa saa kumi na moja alfajiri, hesabu yake haihitaji tuisheni kuifanya. Tuisheni inayokula usingizi inamnyang'anya asubuhi ilichompa jioni.

Njia ya nne: simu na programu

Nitapita haraka hapa, maana hoja si nyingi kama kelele zake. Programu hufanya kazi moja vizuri: kurudiarudia yale yanayohitaji kukaa kichwani, na kumwambia mtoto papo hapo kama amepata au amekosa. Haichoki, haigombi, haisemi "nimekwambia mara ngapi." Kwa jedwali la kuzidisha, au tebo kama wengi tunavyoiita, hiyo ni zawadi.

Udhaifu wake ni kwamba mtoto hujifunza mchezo badala ya somo. Swali lenye majibu manne ukibahatisha unapata moja kati ya manne, kwa hiyo kwenye maswali ishirini anayebonyeza tu atapata kama matano bila kusoma hata moja. Wapo watoto wanaogundua kwamba kubonyeza haraka kuna faida kuliko kufikiri. Kaa naye mara mbili tatu za mwanzo, umwambie akueleze kwa nini amechagua jibu hilo. Akishindwa kueleza, zima.

Na kama ni tebo tu, huenda hata simu huihitaji. Jedwali la 1 hadi 10 lina visanduku 100, ndiyo maana linatisha ukutani. Lakini 7 × 8 na 8 × 7 ni kitu kimoja, kwa hiyo yanabaki 55. Ondoa ya moja, yanajijibu. Ondoa ya kumi. Ya mbili ni kujumlisha namba na yenyewe. Ya tano watoto huyaimba. Yanayobaki ni 21 tu. Kata vikadi 21, upande mmoja swali, upande wa pili jibu, vitatu vipya kila siku, na vya jana vinarudi leo. Kurudi ndiko muhimu: tangu Hermann Ebbinghaus achapishe majaribio yake ya kumbukumbu mwaka 1885 imejulikana kwamba tunasahau haraka mwanzoni, na kwamba mazoezi yaliyotawanywa hukaa kuliko yaliyorundikwa. Dakika tano kila siku zinazidi nusu saa ya Jumamosi. Siku ya kwanza nilipomwonyesha mtoto wa pili hesabu hiyo, kutoka mia hadi ishirini na moja, alivihesabu vikadi mara mbili kuhakikisha simdanganyi.

Zikiwekwa pamoja

| | Inafaa zaidi kwa | Unalipa nini | Dalili kwamba imeharibika |
|---|---|---|---|
| Kukaa naye | Madarasa ya chini; asiyeelewa hatua fulani | Muda na subira | Penseli iko mkononi mwako |
| Kukagua | Anayejua kusoma maelekezo; anayeweza ila mvivu wa kuanza | Dakika 10–15 za utulivu | Makosa unayaona wewe tu |
| Mwalimu | Aliyebaki nyuma sana. Mzazi anayeogopa somo | Pesa, na wakati mwingine usingizi | Mwalimu hawezi kusema anakwama wapi |
| Programu | Tebo, tahajia, msamiati | Mgogoro wa kurudisha simu | Alama zinapanda, daftarini hakuna kitu |

Kusoma: umsomee au akusomee?

Kusoma ninakuweka peke yake kwa sababu makosa ya hapa hayaonekani daftarini, na kwa sababu lugha yetu ina mtego wake.

Kiswahili huandikwa kinavyotamkwa. Mtoto akishashika ba, be, bi, bo, bu na zile silabi ngumu kidogo, mwa, nya, gha, na tofauti ya ngoma na ng'ombe, anaweza kusoma karibu ukurasa wowote kwa sauti. Wazazi tunafurahi. Nilimpigia makofi wa tatu aliposoma aya nzima bila kusita, kisha nikamuuliza habari ilihusu nini. Akaniambia, "Ilihusu kusoma."

Philip Gough na William Tunmer waliliweka vizuri mwaka 1986: kusoma kwa ufahamu ni uwezo wa kutambua maneno mara uelewa wa lugha. Walisema mara, hawakusema jumlisha. Kimoja kikiwa sifuri, jibu ni sifuri. Sasa linganisha. Mtoto anapokusomea, anajenga upande wa kwanza. Unapomsomea, unajenga wa pili, kwa sababu unaweza kumsomea hadithi yenye maneno na sentensi ambazo yeye bado hawezi kuzisoma. Wazazi wengi huacha kumsomea mtoto siku anapojua kusoma, na hapo ndipo hasa wasingepaswa kuacha.

Kwa hiyo usichague moja. Chagua uwiano. Anayehangaika na silabi: akusomee dakika tano, kitabu rahisi, hata kile kile cha jana, maana kurudia aya ile ile huleta wepesi, kisha umsomee dakika kumi kitu kinachomzidi. Anayesoma kwa wepesi bila kuelewa: asome nusu ukurasa, asimame, akuambie nini kimetokea na anadhani nini kitafuata. Akikosea kubashiri si neno, mradi amebashiri.

Akikwama kwenye neno refu usilitamke upesi. Maneno yetu yana viungo. Kwenye "walipompelekea" funika kwa kidole, uache "wa" tu: ni nani hao? Wengi. Sogeza: "li", imeshapita. "Po", wakati fulani. "M", kuna mtu mmoja anafanyiwa. "Pelekea", hili analijua. Sasa asome lote. Mtoto akifanya hivi mara kumi anaanza kuona viungo mwenyewe, na ghafla maneno marefu hayana tena urefu wa kutisha. Hili mzazi analiweza hata kama hakufika mbali shuleni, kwa sababu lugha anayo.

Kama lugha ya shule si ya nyumbani, usiache ya nyumbani kwa kudhani unamsaidia. UNESCO ilichapisha mwaka 1953 ripoti iliyohimiza watoto waanze kufundishwa kwa lugha yao ya kwanza. Msimulie, bishana naye, mcheke kwa lugha unayoimiliki. Mzazi anayejilazimisha kuzungumza lugha ya shule asiyoijua vizuri huishia kumpa mtoto maneno mia mbili badala ya elfu kadhaa alizonazo.

Zawadi na sifa, kwa kifupi

"Ukiwa wa kwanza darasani nitakununulia baiskeli." Tumesema wote. Mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett waliwachukua watoto wadogo waliopenda kuchora, wakawaahidi baadhi yao cheti. Siku za baadaye, wale walioahidiwa walichora kidogo wakati wa kucheza kuliko wenzao. Sisemi usimpe mtoto kitu. Ila usiahidi malipo kwa jambo ambalo tayari analipenda, kama kusoma hadithi, na mshangao baada ya kazi una madhara kidogo kuliko mkataba kabla yake.

Kuhusu sifa, Claudia Mueller na Carol Dweck walionyesha mwaka 1998 kwamba watoto waliosifiwa "una akili" walikata tamaa upesi walipokutana na maswali magumu kuliko waliosifiwa kwa bidii. Mimi huona hata "una bidii" ni maneno mapana mno. "Nimeona umeirudia ile ya nne mara tatu" mtoto analiamini, kwa sababu ni kweli na wewe ulikuwepo.

Ningechagua nini

Mtoto wa darasa la kwanza au la pili, mzazi yupo jioni: kaa naye dakika kumi na tano, mikono mgongoni ikibidi, kisha umsomee. Programu isubiri.

Darasa la tatu hadi la tano, anaenda sawa na wenzake: acha afanye mwenyewe, wewe kagua kwa maswali. Pesa ya tuisheni nunua vitabu vya hadithi.

Amebaki nyuma mwaka mzima, au kila jioni mnaishia kugombana: hapo tafuta mwalimu, wa peke yake au wa watoto wawili watatu, mara mbili kwa wiki. Si aibu. Kuna watoto ambao mzazi wao ni mtu wa mwisho wanayeweza kumwonyesha kwamba hawajui, na ugomvi wa meza ya hesabu ukihamia kwa mtu mwingine, nyumbani mnabaki kuwa mama na mtoto. Kama hata mwalimu wa peke yake haoni mabadiliko baada ya miezi, na mtoto anageuza herufi, anasogeza kitabu puani, au haitiki akiitwa kutoka nyuma, mpeleke akapimwe macho na masikio kabla ya kumwita mvivu.

Na yule mzazi anayefika nyumbani mtoto ameshalala, ambaye kwa miaka kadhaa nilikuwa mimi: mwambie aache daftari wazi mezani kwenye ukurasa wa siku hiyo, na karatasi ndogo yenye swali moja lililomshinda. Usilijibu. Andika chini yake swali jingine dogo linaloelekea kwenye jibu, "ukitoa ishirini kwanza unabaki na ngapi?", uweke penseli juu yake, ulale. Asubuhi, akinywa chai, atakuwa ameshaanza.